Vinundu, Mizizi na Mwanya: Kisa cha Tasnifu ya 1993 Kuhusu Meno ya Waafrika

Mwaka 1993 Joel D. Irish, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Arizona State University nchini Marekani, alikabidhi tasnifu iliyouliza swali kubwa kwa kutumia kitu kidogo. Watu wa Afrika, wa karne za karibuni na wa maelfu ya miaka iliyopita, wana undugu gani wao kwa wao, na wana undugu gani na walimwengu wengine? Ushahidi wake ulikuwa meno: vinundu vya magego, kingo za meno ya mbele, idadi ya mizizi, gego la mwisho lililoota au ambalo halikuota. Kutokana na kazi ile zilifuata makala mbili, ya 1997 na ya 1998, na hadi leo anayeandika chochote kuhusu maumbile ya meno kusini mwa Sahara huanzia hapo, akubali au apinge.

Kinachonivuta katika kisa hiki ni jinsi mwanafunzi alivyojibana. Data ya namna ile inashawishi. Ni rahisi kuanza kusema habari za kabila, za "damu", za mtu mmoja mmoja. Aliyoyasema yeye yako katika asilimia za makundi, na humo ndimo mna nguvu ya utafiti wa meno pamoja na mipaka yake. Nitakwenda polepole penye kazi ya mikono, kwa sababu wanaosoma matokeo peke yake ndio huishia kuyatumia vibaya.

Afrika ilikuwa pembeni

Elimu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1842 Georg Carabelli, daktari wa meno wa Vienna, alieleza kinundu cha ziada upande wa ulimi wa gego la juu, nacho kinaitwa kwa jina lake mpaka sasa. Mwaka 1920 Aleš Hrdlička aliandika kuhusu meno ya mbele ambayo kingo zake za ndani zimeinuka yakapata umbo la beleshi. Alionyesha kwamba ni ya kawaida sana kwa wenyeji wa asili wa Amerika na kwa watu wa Asia ya Mashariki, na ni haba kwa Wazungu na Waafrika. Baadaye Albert Dahlberg wa Chicago alitengeneza vielelezo vya plasta, ili watafiti waache kubishana kama hili ni beleshi au si beleshi, walinganishe jino na kielelezo, basi.

Aliyeipeleka kazi hiyo mbali ni Christy G. Turner II, msimamizi wa Irish. Turner aliyagawa meno ya Asia katika mifumo miwili, mmoja wa kaskazini-mashariki, ukiwamo wa China, Japani na wenyeji wote wa Amerika, na mwingine wa kusini-mashariki. Kwa mgawanyo huo alitoa hoja kwamba Amerika ilijazwa na watu waliotoka Asia ya kaskazini-mashariki. Mwaka 1991 yeye, Christian Nichol na G. Richard Scott walichapisha mfumo kamili wa kutoa alama, unaojulikana kwa kifupi cha ASUDAS (Arizona State University Dental Anthropology System), wenye alama, yaani sifa za umbo la jino, zaidi ya 30 na seti ya vielelezo vya plasta.

Katika ramani hiyo Afrika ilikuwa pembeni. Palikuwa na kazi za kipande kipande, nyingi za kusini mwa bara. Irish mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wanne wa makala ya 1989 iliyolinganisha meno ya Wasan na ya Wasotho, na mwaka 1990 aliandika na Turner kuhusu Wanubi wa kale. Lakini bara zima, kwa mfumo mmoja na kwa macho ya mtu yule yule, lilikuwa halijatazamwa. Hilo la macho ya mtu yule yule si dogo. Watafiti wawili wakitumia vielelezo vilevile bado hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ikiingia kwenye hesabu inaweza kuonekana kama tofauti ya watu wakati ni tofauti ya waangalizi.

Jino moja mkononi

Chukua gego la kwanza la juu. Huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya utotoni, na taji lake huanza kujengwa karibu na wakati wa kuzaliwa. Likishakamilika, umbo halirekebishwi tena na mwili. Mfupa hujijenga upya maisha yote, enameli haina uwezo huo. Kwa sababu hiyo jino la mtu aliyekufa miaka 10,000 iliyopita linaweza kuwekwa kando ya jino la kijana wa leo na yakalinganishwa moja kwa moja.

Mtafiti analitazama upande wa ulimi, kona ya mbele. Uso ukiwa laini kabisa anaandika 0. Mfuo mwembamba ni 1, kishimo ni 2. Mbonyeo mdogo wenye umbo la Y ni 3, mkubwa wa umbo hilohilo ni 4. Kinundu kidogo ambacho ncha yake haijajitenga ni 5, cha wastani ni 6, na kinundu kikubwa chenye ncha huru ni 7. Hicho cha 7 mtu anaweza kukigusa kwa ulimi wake mwenyewe akakijua. Vifaa ni lenzi ya mkono, kielelezo cha plasta na taa iliyoinamishwa ubavuni. Taa ikimulika kutoka juu, mfuo hupotea na daraja la 1 linaandikwa 0.

Kisha anageukia upande wa pili wa mdomo. Kulia kukiwa na 2 na kushoto 5, kanuni inasema achukue 5, kwa hoja kwamba upande ulioonyesha zaidi ndio uliokaribia uwezo aliourithi mtu huyo. Mtu mmoja anatoa alama moja. Anayehesabu kila jino peke yake huwageuza watu 50 kuwa 100 na kujipa uhakika ambao hana.

Meno ya kila aina hayana uzito sawa pia. Gego la kwanza huwa thabiti kuliko la pili, la tatu ndilo lenye vituko, na hali inafanana na hiyo kwenye meno ya mbele ya juu, ambako la kati ni thabiti kuliko la pembeni yake. Kwa hiyo kila alama ina jino lake maalumu inakosomwa. Mwanafunzi anayechanganya Carabelli ya gego la kwanza na ya gego la tatu ameharibu safu nzima ya data.

Jambo ambalo watu wasio wa fani hii hawalitarajii ni jinsi meno yasiyokuwepo yanavyosaidia. Mafuvu ya makumbusho yamepoteza meno mengi, hasa ya mbele yenye mzizi mmoja, ambayo huchomoka kirahisi. Lakini matundu yanabaki kwenye taya. Ukichungulia tundu la gego dogo la kwanza la juu, jino linalofuata chonge, unaona kama lilibeba mzizi mmoja au miwili. Gego dogo la chini huweza kuacha tundu lenye ukuta uliojikunja kwa ndani, dalili ya mzizi wenye mfuo mrefu au uliogawanyika, alama inayoitwa kwa jina la Charles Tomes. Taji limepotea, na bado mtu huyo ana kitu cha kuchangia kwenye jedwali.

Yanayofanana na urithi

Msomaji wa Afrika Mashariki angeweza kumtega mwanafunzi huyu kwa urahisi. Mpeleke Arumeru. Watu waliokulia maeneo ya Maji ya Chai wana meno yenye madoa ya kahawia, mengine yamemomonyoka uso, na mgeni anaweza kuapa kwamba ni alama ya ukoo. Ni maji. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro inayapa maji floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake ya kudumu yanajengwa ndani ya taya huota yakiwa na madoa. Mdogo wake akilelewa Tanga, meno yake ni meupe. Bonde la Ufa upande wa Kenya lina habari hiyohiyo.

Halafu kuna mikono ya watu. Wajaluo walikuwa wakitoa meno sita ya mbele ya chini, Wamaasai hutoa yale mawili ya kati ya chini, na baadhi ya Wamakonde walichonga meno kwa ncha. Fuvu lisilo na meno ya mbele ya chini linaweza kuwa la mtu ambaye hayakuwahi kuota, la mtu aliyeng'olewa utotoni, au la mtu ambaye meno yalianguka kaburini. Tofauti inaonekana kwenye taya. Jino likitolewa mtu akiwa hai, tundu huziba na mfupa hushuka na kulainika. Likianguka baada ya kifo, tundu hubaki wazi na kingo zake ni kali. Irish alipaswa kuyatenga haya kabla ya kuandika lolote, vinginevyo mila ingeingia kwenye jedwali kama maumbile.

Cha tatu ni kusagika. Unga wa jiwe una mchanga, na wala nyama kavu na mizizi migumu hufika makamo magego yamekuwa bapa. Vinundu vikiisha hakuna cha kupa alama. Mtafiti mwaminifu huacha nafasi wazi, haandiki 0, kwa sababu 0 ina maana "nimeangalia, hakuna". Hapo ndipo tasnifu nyingi za wanafunzi huvuja, na anayeikagua anaweza kupajua bila kuyaona meno yenyewe. Akikuta kundi la wazee lenye asilimia ndogo ya ajabu ya kila kinundu, ajue nafasi tupu zimejazwa sufuri.

Mstari unakatwa wapi

Baada ya kuandika madaraja, mtafiti hulazimika kuyageuza kuwa ndiyo au hapana, ili apate asilimia. Kwa Carabelli Irish alikata kwenye 2: kuanzia kishimo kwenda juu ni ndiyo. Uamuzi huo unaonekana wa kiofisi tu, lakini unabeba mengi. Kwa miaka mingi kinundu cha Carabelli kilitajwa vitabuni kama alama ya Wazungu. Ukikata kwenye 5, ukahesabu vinundu vilivyosimama peke yake, utaelewa kwa nini walisema hivyo. Ukikata kwenye 2, wakaingia wenye vishimo na mibonyeo, watu wa kusini mwa Sahara wanapanda na alama inaacha kuwa mali ya mtu. Meno ni yale yale. Ningependa kila tasnifu ya aina hii ilazimishwe kuonyesha jedwali la madaraja yote kabla ya kukata, ili msomaji akate mwenyewe mahali pengine aone kinachotokea.

Kisha inakuja hesabu ya umbali. Chukua makundi mawili na asilimia za alama moja. Asilimia hizo hugeuzwa kwanza kuwa pembe, kwa sababu tofauti ya 2 na 7 kwa mia ni nzito kuliko ya 50 na 55. Tofauti hupigwa kipeo cha pili, hupunguzwa kiasi kinachotokana na uchache wa watu tu, kisha wastani wa alama zote huchukuliwa. Jibu likikaribia sifuri, makundi yanakaribiana. Kanuni hiyo ilibuniwa na mtakwimu C.A.B. Smith, na ilitumika mapema kwa panya kabla ya kuletwa kwa binadamu. Udhaifu wake ni kwamba alama mbili zinazokwenda pamoja huhesabiwa kama mashahidi wawili. Ndiyo maana mtafiti hukagua kwanza ni zipi zinazofuatana na kuziondoa.

Kilichotoka

Makala ya 1997 ilitaja alama 11 zinazowatambulisha watu wa kusini mwa Sahara kama kundi. Tisa ziko juu kuliko kwingine: chonge la juu ambalo ukingo wake wa mbele, upande wa ulimi, umenenepa na kuungana na nundu ya chini, gego dogo la kwanza la juu lenye mizizi miwili, Carabelli, gego la pili la juu lenye mizizi mitatu, mifuo ya umbo la Y kwenye gego la pili la chini, kinundu cha saba kwenye gego la kwanza la chini, mzizi wa Tomes, gego la pili la chini lenye mizizi miwili, na kuwepo kwa gego la tatu la juu. Mbili ziko chini sana: beleshi la pande zote mbili kwenye jino la mbele, na enameli inayoteremka kati ya mizizi ya gego la juu.

Kinundu cha saba ndicho ningekionyesha darasani. Kimekaa upande wa ulimi wa gego la kwanza la chini, kimebanwa kati ya vinundu viwili vikubwa kama kabari. Kusini mwa Sahara hupatikana kwa robo ya watu hadi zaidi ya theluthi, kutegemea kundi. Kwingine duniani kwa kawaida hakifiki kumi kwa mia. Ni tofauti kubwa kuliko nyingi utakazoziona kwenye jedwali lolote la meno. Sasa geuza hesabu hiyo. Walio wengi kusini mwa Sahara hawana kinundu cha saba. Ukipewa gego moja lenye kinundu hicho huwezi kuapa kwamba mwenyewe ni Mwafrika, na ukipewa lisilo nacho hujajifunza lolote. Kujua kwamba Aprili ni mwezi wa mvua Dar es Salaam hakukuambii kama tarehe 12 itanyesha.

Chonge lile lilipewa jina la "Wabushimeni" na D.H. Morris mwaka 1975, kwa kuwa Wasan ndio waliokuwa nalo kwa wingi. Irish aliliona pia kwa makundi mengine mengi ya bara, kwa asilimia ndogo zaidi. Siku hizi wengi huliita kwa umbo lake tu, na wamefanya vizuri.

Alirekodi pia mwanya. Ndiyo, mwanya huu huu unaosifiwa Pwani, pengo kati ya meno mawili ya mbele ya juu, linalohesabiwa likifika nusu milimita. Ni wa kawaida kusini mwa Sahara kuliko sehemu nyingi. Ila kati ya alama zote ndio nisioutegemea sana, kwa kuwa huathirika na fizi, na meno yaliyong'olewa jirani, na siku hizi na tupa na waya wa daktari.

Tokeo la pili halikuzungumzwa sana nje ya fani, nami naliona zito kuliko la kwanza. Afrika Kaskazini ilijitenga. Meno ya huko ni mepesi wa umbo, vinundu vichache, mizizi michache, yakikaribia ya Ulaya na Asia ya Magharibi. Na kwenye Nubia, bonde la Nile kusini mwa Misri, mpaka huo ulisogea na wakati. Mifupa ya Jebel Sahaba, makaburi ya zaidi ya miaka 13,000 yaliyofukuliwa na Fred Wendorf miaka ya 1960 kabla maji ya bwawa la Aswan hayajafunika bonde, ina meno yanayofanana na ya kusini mwa Sahara. Wanubi wa baadaye, wakulima na wa enzi za falme, wanaelekea kaskazini. Kwa Irish hii ilikuwa dalili kwamba watu wa mwanzo hawakuwa mababu wa moja kwa moja wa waliofuata, na hoja hiyo imebishaniwa tangu wakati huo, kwa sababu wengine huona chakula kilichobadilika kuwa kinatosha kuyapunguza meno.

Mwanafunzi na msimamizi

Turner alikuwa ameona kwamba meno ya Asia ya Kusini-Mashariki yako karibu na ya walimwengu wote kuliko meno ya kwingine, akapendekeza kwamba huenda binadamu wa sasa walianzia huko. Hoja ina mantiki yake: shina liko katikati, matawi yamekwenda pande zote. Irish, kwa vielelezo vilevile, alifika kwingine. Makala yake ya 1998 iliuliza ni kundi gani la leo lenye alama nyingi zaidi ambazo pia zinaonekana kwa binadamu wa kale waliotoweka na kwa nyani wakubwa. Jibu likawa kusini mwa Sahara: mfuo wa Y, mizizi mingi, kinundu cha saba. Mwaka 2003, akiwa na Debbie Guatelli-Steinberg, alilinganisha moja kwa moja na visukuku vya Afrika vya zama za mbali, na picha ikabaki hivyo.

Kuwa katikati ya jedwali si sawa na kuwa chanzo. Kundi linaweza kuwa katikati kwa sababu limechanganyika na jirani zake wengi, au kwa sababu alama zake ziko wastani tu. Ndiyo maana ninaona njia ya mwanafunzi ilikuwa bora: alileta shahidi wa nje, visukuku, badala ya kuwauliza walio hai wao kwa wao. Vinasaba navyo, kwa njia zao, vilikwishaelekeza Afrika.

Hapa lakini kuna shimo ambalo msomaji mwenye nia mbaya huliingia kwa furaha. "Alama za kale" hugeuzwa kuwa "watu wa kale". Beleshi la Asia ya Mashariki nalo ni umbo la kale, limeonekana kwa binadamu wa kale wa Zhoukoudian, China, na kwa Waneanderthali, na Franz Weidenreich aliwahi kulitumia kudai kwamba Wachina wametokana moja kwa moja na binadamu wale. Kila kundi lina mchanganyiko wa umbo lililodumu na umbo lililobadilika. Kinundu hakijui kusoma wala kuhesabu.

Mafuvu yalifikaje mezani

Tasnifu ya namna hii hufanyika makumbusho. Mwanafunzi hutembelea mikusanyo, hufungua masanduku, husoma lebo. Miongoni mwa makundi ya Irish yamo yaliyoandikwa kwa jina la nchi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Tanzania kama kundi la kibiolojia ni nini? Ni mahali fuvu lilipochukuliwa, kwa mpaka uliochorwa na wakoloni, na chini ya lebo moja wanaweza kukaa Mhaya, Mgogo na Mmakonde.

Nasi tunajua baadhi ya masanduku yalivyojaa. Fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilidaiwa hata kwenye Mkataba wa Versailles. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolirudisha kutoka Bremen mwaka 1954, alilichagua miongoni mwa mengine kwa kulinganisha vipimo vya kichwa na vya jamaa wa Mkwawa. Kipimo cha kundi kilitumika kumtambua mtu mmoja, kosa lilelile la Aprili na mvua. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa mwaka 1900, na familia yake imelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Septemba 2023 mamlaka ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba DNA imeunganisha baadhi ya mafuvu yaliyo kwao na jamaa walio hai kutoka Kilimanjaro, mojawapo likiwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli.

Sisemi kwamba mafuvu hayo yalikuwa kwenye tasnifu ya Irish. Nasema kwamba kila jedwali la meno ya Afrika lililotokana na makumbusho ya nje lina safu moja iliyofichwa, ya namna watu hao walivyofika huko, na mwaka 1993 safu hiyo haikuwa inadaiwa na wakaguzi. Leo mwanafunzi asiyeijaza asipitishwe.

Vinasaba vilipoingia

Lawama kubwa ya fani hii ilikuwa kwamba meno huenda hayaonyeshi undugu bali chakula na mazingira. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba umbo la beleshi linahusiana na aina moja ya jeni EDAR, iliyoenea sana Asia ya Mashariki na kwa wenyeji wa Amerika, na ambayo pia hunenepesha unywele. Maana yake beleshi linarithiwa kweli, lakini pia kwamba limesukumwa na uteuzi wa asili, hivyo kama shahidi wa undugu lina upendeleo.

Mwaka 2020 zilitoka kazi mbili nilizozisoma kwa makini. Hannes Rathmann na Hugo Reyes-Centeno walijaribu michanganyiko ya alama kwa wingi sana ili kuona ipi inafuata vizuri mabadiliko ya vinasaba yasiyosukumwa na uteuzi, wakakuta kwamba baadhi ya alama zinasaidia sana na nyingine hazina faida. Irish naye, sasa profesa Liverpool, pamoja na wenzake, walilinganisha makundi ya meno na makundi ya vinasaba yaliyokaribiana kwa asili, kwanza ndani ya Afrika kisha dunia nzima. Uhusiano ulikuwepo, wenye nguvu zaidi ndani ya Afrika kuliko kwa dunia nzima.

Mtu akitaka kuifanya Muhimbili

Hahitaji fuvu hata moja. Kliniki za kunyoosha meno huchukua vielelezo vya plasta vya mdomo mzima kabla ya matibabu, na vingi hukaa kabatini baada ya kazi kwisha. Mizizi haionekani kwenye plasta, atahitaji picha za eksirei zilizokwisha kupigwa kwa sababu za tiba. Taji linaonekana vizuri kuliko kwenye fuvu, kwa kuwa wagonjwa ni vijana na magego hayajasagika.

Tatizo lake litakuwa jingine. Wanaofika kunyoosha meno ni wenye uwezo, na wenye meno yaliyobanana au yaliyoachana, kwa hiyo mwanya na gego la tatu havitakuwa na asilimia ya kweli, aviache nje. Ndugu wa tumbo moja huja pamoja kliniki, achukue mmoja. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kitauliza ridhaa, na ridhaa iliyotolewa kwa matibabu haitoshi kwa utafiti, itabidi arudi kwa wagonjwa. Atoe alama mara mbili kwa kundi dogo, bila kutazama karatasi ya kwanza, kisha aripoti ni mara ngapi alijipinga. Makundi yawe na watu makumi kadhaa kila moja, au hesabu ya umbali itampa namba hasi na hatajua aifanyie nini.

Na kwenye safu ya kundi asiandike "Mtanzania" wala kabila alilojazia karani wa mapokezi. Aulize bibi na babu wote wanne walizaliwa wilaya gani na walizungumza lugha gani nyumbani, aandike majibu manne hata yasipofanana, na mgonjwa mwenye wawili wa Lushoto, mmoja wa Kilwa na mmoja wa Mombasa asitupwe nje ya data kwa kuwa anasumbua jedwali.